Fushimi Inari Taisha, Kyoto: nenda alfajiri, na ukishuka usome nguzo

Hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani) la Fushimi Inari Taisha, lililoanzishwa mwaka 711 kusini mwa Kyoto, Japani, halitozi kiingilio wala halifungwi usiku, na kituo cha reli cha Inari kinatazamana nalo. Hivyo gharama yake ni nauli ya treni ya dakika chache na nguvu za miguu. Nilifika kabla ya jua kuchomoza, nami namshauri kila mgeni afanye hivyo, kwani asubuhi ikishakolea njia hujaa wapiga picha, na mtu husogea kama yuko kwenye foleni.

Desturi ni kunawa kwanza: maji huchotwa kwa kata, yakamwagiwa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, halafu mtu akasukutua kwa maji aliyoyakinga kiganjani, aliyezoea kutawadha hataona ugeni mkubwa. Mbele ya ukumbi mkuu, uliojengwa upya mwaka 1499 baada ya kuteketea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Onin, waumini hutupa sarafu sandukuni, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba kimya, kisha huinama tena. Inari, mungu wa hekalu hili, huombwa mavuno ya mpunga na heri ya biashara, ndiyo maana sanamu za mbweha, wajumbe wake, nyingine zimeuma mganda wa mpunga na nyingine ufunguo wa ghala.

Malango mekundu ya torii, yapatayo 10,000 mlimani, ni sadaka za wafanyabiashara na kampuni. Anayepanda huona rangi tupu. Majina ya waliotoa na tarehe yamechorwa upande wa pili, na husomeka wakati wa kushuka. Nguzo moja niliyoigusa ilikuwa imeoza usawa wa ardhi, ilhali ya jirani yake ilikuwa bado inang'aa kwa rangi mpya.

Huko Okusha, madhabahu ya ndani zaidi, kuna jiwe ambalo mtu hulinyanyua akiwa amenuia ombi: likiwa jepesi kuliko alivyodhani, ombi litatimia. Langu lilikuwa zito.

Wengi huishia njia panda ya Yotsutsuji, wakautazama mji, wakarudi. Binafsi naona uzuri wenyewe huanzia hapo, penye vijimadhabahu vya mawe vilivyoota kuvu na utulivu wa kusikia nyayo zako, ingawa kileleni, mita 233, mgeni hakuti mandhari yoyote ila madhabahu na miti.