Kibubu cha vyumba vitatu cha Keko, kwa mzazi anayetaka mtoto ajue kutoa

Wazazi wenzangu, hiki kibubu tumekaa nacho tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, ndo maana naandika sasa hivi na sio siku ile nimenunua. Ni cha mbao, kimetengenezwa na fundi wa Keko hapa Dar, kina vyumba vitatu: matumizi, akiba na sadaka, kila chumba kina tundu lake juu na kimlango cha kufuli nyuma, mbele kioo. Bei 25,000, ukibembeleza wanashuka kidogo. Vile vibubu vya kawaida mnavijua, havifunguki mpaka upasue, kwa akiba sawa kabisa lakini kwa sadaka hapana, hela ya sadaka itakaaje ndani mwaka mzima wakati jirani hana unga leo?

Kilichonifanya nitoe hiyo hela ni kwamba watoto wetu siku hizi hawatuoni tukitoa. Zamani mtoto unamtuma na sahani ya futari nyumba ya pili, unampa bahasha ya rambirambi apeleke, anaona. Sasa msiba, harusi, mgonjwa, michango yote iko kwenye simu, unabonyeza namba ya siri imeisha, mtoto aliyekaa pembeni anadhani mama anachati tu. Halafu Ijumaa au Jumapili tunampa mia mbili mlangoni akatumbukize kwenye sanduku, jamani ile ni hela ya mzazi, yeye kabebeshwa tu, haimuumi wala haimfurahishi.

Hapa anaamua mwenyewe. Wa kiume ana miaka 7, kapata mkono wa Idi kwa wajomba zake, ile sarafu ya 500 yenye nyati aliigeuza weee, anaisogeza kwenye tundu la sadaka, anairudisha, mwisho akatumbukiza 200 mbili kwenye sadaka na nyati akaenda matumizi. Nikanyamaza. Mimi simpangii asilimia, ukimpangia inakuwa kama kodi.

Kila mwisho wa mwezi tunafungua kile chumba cha sadaka peke yake na wao ndo wanasema iende wapi. Ramadhani zakatul fitri baba yao aliwatolea kama kawaida, karibu kilo 2.5 za mchele kila kichwa kabla ya swala ya Idi, hiyo iko juu yake, lakini wao wakataka na chao kiende, wakanunua sukari na maharage kwa hela ya kibubu wakapeleka kwa bibi mmoja mtaa wa nyuma. Wameweka mlangoni, wamepiga hodi, wakakimbia! Dada mtu ndo aliyepanga, alisema madrasa wamefundishwa mkono wa kulia ukitoa wa kushoto usijue. Nilitoa machozi kwakweli.

Kasoro zipo. Matundu yote saizi moja, sarafu zinapita vizuri ila noti lazima uikunje mpaka iwe kama kidonge. Maandishi ya rangi yameshaanza kubanduka, na bawaba ya kimlango kimoja iling'oka mapema tu, misumari ilikuwa mifupi mno, tukapigilia upya nyumbani. Fundi alitakiwa kutumia skrubu, kitu cha watoto kinafunguliwa kila siku.

Na tafadhali usikope kwenye chumba cha sadaka hata kama umeishiwa nauli, kuna kioo pale na watoto wanahesabu kuliko sisi.

Jirani yangu Mkristo naye kamchukulia binti yake, yeye kaagiza tundu la sadaka liwe pana coz binti anapenda kuweka noti, na kimetoka kizuri kuliko changu. Kwahiyo mkienda agizeni hivyo, skrubu, tundu pana, maandishi yachongwe kwenye mbao yasipakwe rangi. Nyota 4 kati ya 5 natoa, na cha pili nishaweka oda kwa ajili ya watoto wa mdogo wangu Morogoro.