Beetle inaingiza maji: raba ipi ununue, ipi uiache dukani

Masika haya ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni ule ule. "Dada, nimebadilisha raba za milango yote, mpya kabisa, na bado kapeti inalowa." Mwingine: "Tangu niweke raba mpya mlango haufungi, fundi anasema niubamize tu, utazoea." Msomaji wa Tanga katuma picha ya sakafu chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia, pale panapokaa betri: bati limeliwa na kutu mpaka lami inaonekana. Kubadilisha nusu ya sakafu ya Volkswagen Beetle ni kazi ya kuchomelea yenye gharama kubwa kuliko raba zote za gari zima, kwa hiyo tuliongee hili vizuri kabla mvua za vuli hazijatukuta.

Bei sianzi nayo. Rangi wala siigusi. Kitu ninachotaka ukiangalie hakiandikwi kwenye kifurushi chochote, nacho ni ulaini wa raba.

Raba ya mlango wa Beetle inagundishwa kwenye mlango wenyewe, na kazi yake ni kubonyea. Mlango ukifungwa, raba inajaa kwenye nafasi kati ya mlango na bodi, na maji yanakosa pa kupita. Ikiwa ngumu haibonyei, inausukuma mlango nje. Utaona kitasa kinashika hatua ya kwanza tu, mlango umejitokeza kidogo kuliko bodi, na chini kwenye kona ya mbele kidole kinapenya. Hapo ndipo maji yanapoingilia, na wewe una raba mpya. Halafu ule ubamizaji anaousifu fundi unamaliza pini za bawaba, mlango unaanza kuinama, na mwakani raba ya juu haigusi tena popote. Raba ngumu ni hasara kuliko raba kuukuu iliyochanika, kwa sababu iliyochanika angalau haivunji mlango.

Wauzaji wana jibu lao: "Beetle ndivyo zilivyo, milango yake migumu." Kuna ukweli nusu hapo. Beetle ikiwa mpya ilibana hewa kiasi kwamba mlango ulikataa kufunga mpaka ushushe kioo kidogo. Basi tumia ukweli huo huo kumpima muuzaji. Shusha kioo, funga mlango taratibu. Ukifunga vizuri, ilikuwa hewa tu, raba yako ni nzima. Ukikataa hata kioo kikiwa chini, raba ni ngumu, irudishe.

Dukani kabla hujalipa, omba kuitoa raba kwenye nailoni. Ibonyeze kwa kidole gumba pale inapopinda kwenye kona, si sehemu iliyonyooka, maana huko hata mbovu huwa laini. Inatakiwa irudi yenyewe kama andazi lililoumuka vizuri. Ikibaki na alama ya kidole, imekufa. Ikikataa kubonyea, achana nayo. Angalia pia kona zenyewe: nzuri zimefinyangwa kwa umbo la mlango wa Beetle, za ovyo ni kamba iliyokatwa na kuunganishwa kwa gundi, na pale kwenye kiungo ndipo patakapofunguka jua likishika.

Sasa orodha, na sifichi ninakoegemea.

Ya kwanza, na mbali na nyingine, ni West Coast Metric ya California. Hawa ni watu wa raba za Volkswagen za zamani, na kwenye ulaini ninaoupigia kelele sijaona wa kuwapita. Kona zimekaa, mlango unafunga kwa mkono mmoja, na ukiweka kipande cha karatasi kati ya mlango na bodi kisha ukakivuta, kinashikwa sawasawa kuzunguka mlango wote. Tatizo ni kuifikisha Dar. Usafiri na ushuru vinaweza kukaribia bei ya raba zenyewe, kwa hiyo jikusanyeni wenye Beetle kadhaa muagize pamoja. Hata hivyo kwenye raba za milango mimi sishauri kitu kingine, niiteni mpenda makuu.

Ya pili ni zile za Kijerumani zinazouzwa na maduka ya Uingereza. Ni nzuri, ila soma kifurushi kwa makini. "Ubora wa Kijerumani" si sawa na "imetengenezwa Ujerumani", na kuna wafanyabiashara wanaoishi kwenye pengo hilo. Kama nchi ya kutengenezwa haijaandikwa, uliza kwa maandishi kabla hujatuma pesa. Na usibabaishwe na anayekwambia raba za gari la usukani wa kulia ni adimu. Mlango una kulia na kushoto, ila raba haijui usukani uko upande gani.

Ya tatu ni za Brazil. Wabrazili waliendelea kuunda Beetle mpaka 1986, wakairudisha 1993 hadi 1996, kwa hiyo raba za kule ni nyingi. Za vioo nimezikubali. Za milango zinabadilikabadilika, safari hii laini, safari ijayo mbao.

Ya mwisho ni ile sifongo nyeusi ya kukata kwa mita. Iache.

Sasa nisemee wauza spea wetu kidogo. Muuzaji mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, alinitajia bei ya raba, akachungulia nje akaona gari, bei ikapanda papo hapo kwa sababu "hizi gari za kizamani ni za matajiri." Tajiri gani anachota maji kwenye gari kwa kopo? Na raba yenyewe alikuwa ameitundika dirishani inapigwa na jua la mchana, haijulikani tangu lini. Raba ikiokwa na jua hivyo inazeeka kabla haijaona mlango. Nikamuuliza ni ya modeli gani. "Hizi zote zinaingiliana, dada." Haziingiliani! Za kabla ya modeli ya 1967 si sawa na za baadaye.

Na modeli usiichukue kwenye kadi ya gari. Inua siti ya nyuma, utaona namba ya chesisi imegongwa juu ya lile handaki la katikati. Kwa gari za kuanzia Agosti 1964, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli: 118 mwanzoni ni modeli ya 1968. Mwaka wa Volkswagen ulianza Agosti, kwa hiyo gari iliyoundwa Septemba 1967 inahesabiwa ya 1968.

Lakini kabla ya kuagiza chochote, hakikisha kosa ni la raba ya mlango. Mtu akae ndani na tochi, wewe mwaga maji kwa mpira wa bustani ukianzia chini, ukipanda juu polepole. Ukianzia juu, kila kitu kitalowa na hutajua lolote. Mara nyingi mkosaji ni nailoni iliyokuwa nyuma ya ubao wa mlango, ambayo fundi wa vioo aliichana akaitupa. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia mpenyo wa kioo ni jambo la kawaida, yanatakiwa yatoke kwa matundu ya chini. Bila nailoni yanalowesha ubao, yanatiririkia kwenye kapeti, na wewe unamlaumu asiyehusika. Zibua matundu kwa waya, kata nailoni nzito, ibandike kwa gundi. Gharama yake haifiki chakula cha mchana.

Kuanzia modeli ya 1968 kuna pia kisanduku cha hewa chini ya boneti ya mbele, chenye mpira wa kutolea maji. Majani yakiuziba, maji yanamwagikia miguuni.

Raba iliyo kati ya bodi na sakafu ni mada yake, maana lazima bodi ifunguliwe boliti na kuinuliwa. Niseme hili tu: usikubali ya sifongo inayonyonya maji. Itakaa imelowa ikifuga kutu mahali usipopaona.

Ukishafunga raba mpya, paka glisarini ya duka la dawa au poda isigande na rangi. Fundi akija na kopo la grisi, mzuie, grisi ya mafuta inavimbisha raba za siku hizi. Na silikoni juu ya raba ya kioo ni kuficha ugonjwa. Wenye Beetle ya aina ya 1303 mnaoagiza raba ya kioo cha mbele, taja 1303 waziwazi, kioo chenu kimepinda na raba ya Beetle ya kawaida haitakaa.