Pentax K1000 yenye shata mbovu: uzoefu wangu

Ukiniuliza kama ningeinunua tena Pentax K1000, kamera ya filamu, huku nikijua shata yake (kile kinachofungua na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu) inasumbua, nitakujibu ndiyo, ila kwa bei ya kamera mbovu. Muuzaji akikuapia kwamba ni nzima kwa sababu tu ukibonyeza inalia "kacha", mwachie mwenyewe.

Kamera hizi zilianza kutengenezwa mwaka 1976 zikaendelea mpaka 1997, kwanza Japani, kisha Hong Kong, mwishoni China. Yangu ni ya zamani, ina kifuniko cha juu cha bati, si cha plastiki. Nilichoipendea ni kwamba shata yake inaendeshwa na springi na magurudumu ya meno. Betri ya LR44 ni ya mita ya mwanga peke yake. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Kwa hiyo shata ikigoma hakuna saketi ya kuisingizia. Ni uchafu, grisi iliyokauka, au springi iliyochoka, na kwa kamera ya umri huu hayo ni mambo ya uzee tu.

Ugonjwa wa yangu ulikuwa wa kujificha. Picha za ndani na za chini ya miembe zilitoka safi. Za mchana kule Kigamboni zilitoka na weusi upande mmoja, nyingine ukala karibu robo ya picha. Mwanzoni inashangaza, lakini ukijua kilichomo ndani inaeleweka. Kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa ubavu: la kwanza linafungua, la pili linafuata likifunga. Kwenye spidi ya 1/60 ya sekunde na za chini yake, la kwanza linamaliza safari kabla la pili halijaondoka. Kwenye 1/1000 yote mawili yako njiani kwa pamoja, katikati yao kuna upenyo mwembamba tu. La kwanza likizubaa, la pili linalikuta, upenyo unazibika, na filamu iliyobaki haipati mwanga.

Sasa chukua jua letu la saa saba na filamu ya ISO 400, yaani inayonasa mwanga upesi kuliko ya ISO 100. Unalazimika kupiga 1/500 kwa f/16 (namba ya f ni ya tundu la lenzi), au 1/1000 kwa f/11, yaani zile zile spidi zenye ugonjwa. Ndiyo maana mtu anayepigia harusi ukumbini anaweza kukaa na shata kama hii muda mrefu asijue. Nilipoweka filamu ya ISO 100 nikapiga 1/125 kwa f/16, weusi ukatoweka. Hiyo ni njia ya kusukuma siku, si tiba.

Kupima ni rahisi. Toa lenzi, fungua mgongo, hakikisha hakuna filamu ndani, halafu elekeza kamera kwenye mwanga. Kwa spidi za chini simu inatosha: rekodi video ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde, na kwenye 1/30 unatakiwa kuhesabu fremu kama 8 zenye mwanga. Spidi za juu zinaishinda simu. Hapo ndipo TV ya chogo, ambayo nyumbani kila mtu alitaka itupwe, ilipopata heshima yake. TV za mfumo wa PAL zinachora mistari 15,625 kwa sekunde. Ukiitazama kupitia mgongo wa kamera na kupiga 1/1000, unapaswa kuona utepe wa kimshazari wa mistari 15 hivi, wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Wangu ulianza vizuri ukaishia kama mkia wa panya.

Mtandaoni utaambiwa udondoshee mafuta ya kujazia viberiti. Usithubutu. Yanalainisha grisi kuukuu na kuitembeza kila mahali, hata kwenye mapazia. Kamera inachangamka kwa muda, kisha inarudi pabaya zaidi. Wengine watakwambia ukaze springi za mapazia kutokea chini. Nilimtajia hilo mzee mmoja wa Kariakoo ambaye kazi yake hasa ni saa, akanikatiza: "Springi usiiguse, mwanangu. Isafishwe kwanza, ndipo tujue kama imechoka kweli."

Huduma yake naipa alama za juu upande wa kazi, za chini upande wa ahadi, maana "njoo kesho" yake haina mwisho. Alisafisha grisi ya zamani yote, akatia mafuta mapya kwa ncha ya sindano, akabandua na sponji ya kile kioo cha ndani kinachonyanyuka unapopiga, iliyokuwa imegeuka lami. Kaniambia pia kwamba kioo kikibaki juu baada ya kupiga, usikimbilie kukisukuma kwa kidole; mara nyingi ni pazia la pili halijafika mwisho. Gharama ilizidi bei niliyonunulia kamera. Sikubishana.

Sasa 1/1000 iko sawa, utepe kwenye TV umenyooka. Spidi ya sekunde 1 bado inavuta miguu kamera ikikaa kabatini muda mrefu. Naipiga mara kadhaa bila filamu inaamka. Mita ndiyo inayodanganya bado, ila badala yake natumia programu ya simu, na kufungua tena kamera kwa ajili yake sitaki.