Baunsa alimrudisha Mama, bendi ikamfuata

Sirudi pale. Naanza na hilo ili lieleweke kabla hasira haijapoa.

Sikukuu hizi za Krismasi tulimtoa Mama Kisesa, tukaja Mwanza mjini ukoo mzima na watoto wa kubebwa, tukaenda ufukwe mmoja upande wa Ilemela. Kilichotuvuta ni bango: bendi, laivu, siyo DJ. Kiingilio tukalipa. Samaki sato akaja amepoa, soda tuliagiza sita zikaja mbili. Hayo nimesamehe, watu walikuwa wengi.

Bendi ilipoingia kwenye sebene, pale magitaa yanapochanganya watu wacheze, Mama akainuka. Goti linamsumbua, miaka mingi sijamwona akiinuka namna ile. Akafungua pindo la kanga, akatoa elfu tano, akaelekea mbele kumtuza mpiga solo. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua: unakwenda unacheza, unambandika noti kwenye paji la uso, unarudi unacheza. Ndivyo tunavyoshukuru.

Baunsa akamdaka mkono. Shikamoo hakuna, samahani hakuna. "Bibi, rudi ukakae, huku mbele ni VIP." Akamgeuza kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Mama yangu! Na hao VIP walikuwa meza nne tu, nusu yao wameinamia simu.

Nikamfuata meneja. Akanijibu bila hata kunitazama: utaratibu ni utaratibu. Utaratibu gani? Mama amekulia jirani na Bujora, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ambako vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana, mshindi ni kile kilichovuta watu wengi upande wake. Watu ndio waamuzi. Sasa wewe unafunga kamba kati ya bendi na watu, halafu unatutoza kiingilio cha laivu?

Mpiga solo alikuwa ameona yote. Hakukatisha wimbo. Akateremka jukwaani huku anapiga, waya wa gitaa ukimfuata mchangani, ukavutika mpaka ukaisha, zimebaki hatua kama tatu amfikie Mama. Akasimama hapohapo akawa anampigia yeye. Mama akazimaliza zile hatua tatu, polepole, na goti lake, akambandika noti yake.

Hapo ufukwe mzima ukanyanyuka. Meza za nyuma, wahudumu na sinia mkononi, watoto wetu, mpaka wale wa VIP. Ile kamba nikaiona iko chini, watu wanaikanyaga. Dada mmoja nisiyemjua kabisa akanishika mkono, tukacheza kama tumezaliwa tumbo moja, jua linazama ziwani, na mimi machozi yananitoka. Tuna spika kubwa nyumbani, hazijawahi kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo nikiwaambia msiende nitakuwa nawaonea wanamuziki wale. Nendeni, lakini siku wanapopiga wao tu, na wazee wenu muwashike mkono wenyewe. Meneja naye ajue kwamba mpaka leo hakuna aliyemwomba Mama radhi, si yeye wala baunsa wake, na mimi sijasahau.

Mama ameshauliza mara mbili kama Pasaka watapiga tena. Nitampeleka. Na safari hii nitatembea naye mpaka mbele, tuone nani atamshika.