TAHADHARI: "Lipia gesi utoe zawadi yako" ni utapeli, Mbeya mpaka Makambako

Kuna watu wanawaingiza wakazi wa huku kwetu kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kwa jina la "zawadi za jamii" za blokucheni (daftari la mtandaoni linalorekodi miamala ya sarafu za kidijitali). Wanakuja zaidi msimu ambao mpunga na viazi vimeshauzwa na simu ina salio. Unapewa kazi nyepesi: jiunge, alika watu watano, bonyeza kitufe kila siku. Baadaye ukurasa wao unakuonesha una USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) mia kadhaa, kisha unaingia ujumbe wa namna hii, ambapo "gesi" ni ada ya muamala kwenye blokucheni: "Hongera, zawadi iko tayari. Tuma 38,000 ya gesi kwenye namba hii, litatokea jina la wakala wetu."

Usitume hata shilingi.

Ada ya gesi ipo kweli, ndiyo maana uongo huu unawanasa hata watu makini. Ila inakatwa kwa sarafu ya mtandao husika: Ethereum ni ETH, BNB Chain ni BNB, Tron ni TRX. Inatoka ndani ya waleti yako mwenyewe (programu ya kutunzia sarafu hizo) pale unaposaini, yaani kuidhinisha, muamala, na inaishia kwenye mtandao: nyingine huteketezwa, nyingine huwaendea wathibitishaji wa miamala. Hakuna blokucheni inayopokea gesi kwa M-Pesa au Airtel Money, wala yenye wakala Kabwe au Mwanjelwa. Hata zawadi halali zilikwenda hivyo. Uniswap, soko la kubadilishana sarafu hizi, walipogawa tokeni zao za UNI 400 kwa kila anwani (namba ya waleti) iliyostahili, Septemba 2020, mtu alizidai mwenyewe na gesi ikakatwa ETH kwenye waleti yake.

Wakisema gesi ni "asilimia 10 ya zawadi", hapo wamejianika. Gesi hupimwa kwa kazi ya muamala, si kwa ukubwa wa hela. Kutuma ETH kwa kawaida kunatumia vipimo 21,000 vya gesi, uwe unatuma kidogo au mamilioni. Kinachopanda na kushuka ni bei ya kila kipimo, kulingana na msongamano.

Ukishalipa, watarudi: "Muamala umefeli, gesi imeungua, ongeza." Ni kweli muamala ukifeli gesi huweza kuliwa, lakini hata uliofeli unaacha kumbukumbu. Dai hashi yake, yaani namba ya utambulisho wa muamala. Ya Ethereum huanza na 0x ikifuatiwa na herufi na tarakimu 64. Ya Tron ni 64 bila 0x. Ibandike Etherscan au Tronscan, tovuti za kuangalia miamala ya Ethereum na Tron. Isipoonekana, hakuna muamala uliowahi kutumwa. Picha ya skrini si ushahidi, inatengenezwa kwa dakika mbili. Wakikuonesha "kibali cha Benki Kuu", kumbuka BoT ndiyo iliyotoa tangazo mwaka 2019 kuwaonya wananchi kuhusu sarafu hizi.

Mtego mbaya zaidi ni huu: mtu "anakosea" na kuweka maneno yake 12 ya siri, yanayofungua waleti, kwenye kundi. Ukifungua waleti hiyo unakuta USDT zimejaa, TRX hakuna. Tamaa inakutuma uweke TRX za ada ili uzihamishe. Hazihamishiki. Fungua anwani hiyo Tronscan, angalia sehemu ya ruhusa: mmiliki ameshabadilishwa kuwa anwani nyingine, kwa hiyo sahihi yako haina nguvu, na TRX ulizoweka ndizo wanazozivuna.

Wengine hawaombi hela kabisa. Wanakupa kiungo cha "kudai zawadi" na unachosaini ni idhini ya wao kuchota tokeni zako bila kikomo. Kama umeshasaini, ifute leo kwenye ukurasa wa idhini za tokeni wa Etherscan au Tronscan. Kama uliwapa maneno yako 12, kubadili nywila hakusaidii. Fungua waleti mpya yenye maneno mapya na uhamishe kila kitu.

Aliyetuma hela kwa simu apige huduma kwa wateja ya mtandao wake saa hiyohiyo na namba ya muamala mkononi, aombe izuiwe kabla haijatolewa. Ujumbe wa tapeli na namba yake vitumwe 15040, kisha aripoti polisi akiwa na SMS zote bila kufuta hata moja. Na akitokea mtu kwenye kundi lilelile akijiita mtaalamu wa kurudisha hela kwa ada ndogo, mzuie: huyo anatumia orodha ya waliokwisha kulipa.