Nimepanga upya daftari letu la moto kwa NERIS

Naandika matukio ya moto katika hoteli moja ya Shangani, mwaka wa sita huu. Mwezi uliopita nilikichukua NERIS, kiwango kipya cha Marekani cha kuandikia matukio ya zimamoto, kilichorithi NFIRS, mfumo wa tangu miaka ya 1970, nikalipanga upya daftari letu kwa kukifuata.

Kilichonifurahisha zaidi ni mahali. Kina nafasi ya nukta ya ramani, na kwetu Mji Mkongwe ndiyo shida yenyewe: “uchochoro wa nyuma ya msikiti”, msikiti upi? Sasa nasimama mlangoni na simu, nasoma latitudo na longitudo, naandika.

Kutaja aina ya tukio, NFIRS ilitumia tarakimu tatu, moto wa jengo ukiwa 111. NERIS kinatumia maneno, na tukio moja hubeba aina zaidi ya moja. Mafuta ya kukaangia pweza yaliposhika moto, mpishi wetu akaungua kiganja, niliandika yote mawili.

Kasoro ni urefu, tena Kiingereza kitupu. Tafsiri imenila siku nne. Dari zetu za boriti nimeziwekea safu yake mwenyewe, maana moto ukifika huko juu haungoji mtu.