Ziara ya stesheni ya Aldwych, London: jiandae na ngazi

Aldwych ni stesheni ya treni za chini ya ardhi iliyofungwa, na sasa huingiwa kwa ziara tu. Tiketi huuzwa mtandaoni na London Transport Museum, jumba la makumbusho ya usafiri, na huisha upesi zikitoka. Lifti hakuna. Kushuka na kupanda ni ngazi za kuzunguka, vidato kama 160, kwa hiyo mwenye goti bovu asijilazimishe. Vaa viatu vya kufunika, visivyo na kisigino.

Kwangu mimi uhondo wote uko kwenye mashimo ya lifti. Stesheni ilipofunguliwa tarehe 30 Novemba 1907, kwa jina la Strand, yalichimbwa mashimo matatu, kila moja la lifti mbili. Lililofungwa lifti ni moja tu! Abiria walikuwa haba, maana njia yenyewe ilikuwa kipande kilichosalia baada ya miradi miwili ya reli kuunganishwa: treni inatoka stesheni ya Holborn, inafika hapa, inarudi ilikotoka. Jukwaa la mashariki liliachwa mapema, 1914. Hatimaye zikawa lifti zile zile za 1907 zilizoimaliza stesheni. Kuzibadilisha kulitaka pauni milioni 3 hivi, na abiria ni kama 450 kwa siku. Ikafungwa 30 Septemba 1994.

Kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia Septemba 1940 hadi Julai 1946 treni zilisimamishwa. Watu wakalala humu kukwepa mabomu, na British Museum ikaficha vitu vyake kwenye handaki, zikiwemo sanamu za Parthenon, hekalu la Ugiriki ya kale.

Angalizo kuhusu mabango. Jukwaa la magharibi, penye treni ya aina ya 1972, hukodishwa kwa wapiga filamu. Lilihudumia abiria mpaka mwaka wa kufungwa, hivyo ukiona bango la "vita" linang'aa ukutani, kuna uwezekano mkubwa ni pambo la filamu. Tumia muda wako upande wa mashariki, ambako utakuta vigae vya majaribio vilivyobandikwa kupima sura ya vituo vingine. Mwanga ni hafifu, simu ya kawaida itatoa picha zenye chengachenga.

Usiondoke bila kutazama juu ukiwa nje: kwenye vigae vya rangi ya damu ya mzee bado pameandikwa Strand Station, ingawa jina lilibadilishwa 1915. Teksi haikufikishi mlangoni, kwani kipande hicho cha barabara ya Strand ni cha waenda kwa miguu tangu 2022. Shukia stesheni ya Temple, kisha panda kwa miguu barabara ya Surrey Street.